Rola ya Sindano na Kopo Lililo Kando Yake

Siku hizi si vigumu kupata rola ya sindano jijini Kampala, na wadada wa Kyebando huniuliza swali lilelile: itaniondolea alama za chunusi? Kwanza natazama alama yenyewe. Ikiwa ni nyeusi na bapa, jibu ni hapana. Ikiwa ni kovu lenye kishimo, matibabu ya sindano husaidia kweli, ila si kwa rola ya nyumbani.

Mwaka 1997 madaktari Camirand na Doucet wa Kanada walieleza jinsi walivyochoma makovu kwa mashine ya kuchorea tatuu isiyo na wino, yakalainika. Miaka hiyohiyo ya 1990 Desmond Fernandes, daktari wa upasuaji wa Cape Town, alikuwa akiunda kifaa cha sindano cha kubingirisha. Kila tundu ni jeraha dogo. Mwili unapoliponya hutengeneza kolajeni mpya, nayo huinua kishimo. Kwa makovu ya chunusi daktari hutumia sindano za takriban milimita 1.5, baada ya kupaka ganzi, na damu hutoka.

Rola ya nyumbani mara nyingi ina sindano za milimita 0.2 au 0.3, na kwa kuwa ngozi hubonyea, hata urefu huo hauzami wote. Kolajeni inayopatikana ni haba. Kinachofanyika hasa ni kutoboa gamba la juu linalozuia vitu vya nje, ili chochote kinachopakwa baadaye kipenye kwa wingi. Ndiyo maana swali langu kubwa ni hili: ukishabingirisha, unapaka nini?

Nina sababu ya kuuliza. Krimu za kujichubua zimejaa mjini, na baadhi zina zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Uganda imejiunga nao, unalenga kuziondoa sokoni zile zenye zebaki, lakini bado zinapitishwa kimagendo. Zebaki huharibu figo hata ngozi ikiwa nzima. Sembuse ngozi iliyojaa matundu! Geuza boksi usome maandishi madogo: ukiona calomel au mercurio, hiyo ni zebaki. Boksi lisilotaja viambato kabisa, usilinunue.

Hata seramu halali si salama ndani ya matundu. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake waliotokwa na vinundu vigumu usoni baada ya kuchomwa sindano na kupakwa bidhaa za aina hiyo, mojawapo ikiwa na vitamini C. Tena ngozi yetu nyeusi ikichokozwa hujibu kwa kutoa rangi zaidi, kwa hiyo alama zilezile unazozikimbia huongezeka. Mwenye historia ya kelodi katika familia asiguse rola. Mwenye chunusi mbichi naye asubiri, maana ataeneza usaha uso mzima.

Kuhusu kuazimana, iwe na dada yako wa tumbo moja au saluni, sina nafasi ya kulegeza. Virusi vya homa ya ini aina B huishi siku 7 au zaidi nje ya mwili. Huko Albuquerque, Marekani, wateja wa saluni moja isiyo na leseni waliambukizwa VVU kwa huduma ya sindano za usoni inayotumia damu. Uchunguzi ulianza 2018. Spiriti haiifikii vizuri damu iliyokauka kwenye mashina ya sindano.

Aliyekwisha kuamua kutumia yake peke yake aipitishe kwanza juu ya pamba kavu. Ikinasa nyuzi, kuna ncha iliyopinda, na ncha hiyo itachana ngozi, itupwe. Usiku huo apake mafuta meupe ya vaselini tu, na mchana ajikinge na jua.

Mwenye vishimo aende kliniki ya ngozi ya Mulago, si mbali na Kyebando, abebe makopo yote anayopaka pamoja na maboksi yake.