Unauza matairi mtandaoni? Muulize mteja anapita wapi kabla hujamtajia bei

Leo tuongelee matairi, hasa haya yanayotangazwa kama "tairi za misimu yote". Tangazo la hivi utalikuta kwenye magrupu ya WhatsApp, Instagram na kwenye stetasi za mawinga wanaochukua mzigo Mwanza na Dar. Picha ya tairi jeusi linang'aa, chini yake maneno mawili: "all season, njoo inboksi".

Mteja anauliza bei, anatajiwa, anatuma hela, mzigo unapanda basi. Biashara imeisha? Hapana, ndiyo kwanza inaanza. Mvua ikinyesha gari likagoma kupanda kilima, jina litakalotajwa kijiweni ni la kwako wewe uliyeuza, sio la kiwanda. Tena ukiuza kava la simu bovu mteja anapoteza hela tu. Ukiuza tairi bovu, juu yake kuna dereva, mama na watoto wake. Kwa hiyo bidhaa hii haitaki kuuzwa kwa picha peke yake.

Misimu yote ya wapi?

Hapa ndipo wengi tunapochanganya. Tairi la misimu yote lilibuniwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya joto na majira ya theluji. Kule watu wana seti mbili za matairi, moja ya kiangazi na nyingine ya baridi kali, na kila majira yakibadilika wanabadilisha. Tairi la misimu yote lilikuja kuwapunguzia huo usumbufu. Goodyear ya Marekani ilitoa tairi lake la namna hiyo, Tiempo, mwaka 1977, na kampuni nyingine nazo zina ya kwao.

Sasa angalia sisi. Simiyu hakuna theluji. Misimu yetu ni miwili: mvua, ambazo kwa kawaida zinaanza kwenye Oktoba au Novemba na kwenda mpaka Mei, halafu kiangazi cha vumbi na jua kali. Na barabara zetu ni za aina mbili. Kuna lami: Lamadi mpaka Bariadi kama kilomita 72, Bariadi mpaka Maswa kama kilomita 50, halafu unaendelea mpaka Mwigumbi. Ukiacha lami ukaingia vijijini, unakutana na changarawe, mchanga, na ule udongo mweusi wa mbuga ambao kila mtu wa huku anaujua. Ukikauka unapasuka nyufa, ukilowa unanasa kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko.

Kwa hiyo neno "misimu yote" halimjibu dereva wa Bariadi swali lake. Yeye anataka kujua kama gari litafika Nkololo mwezi wa tatu na kurudi. Kazi yako muuzaji ni kumpa jibu la hilo.

Madereva wanasema nini

Ukikaa stendi au kwa mafundi pancha ukasikiliza, maneno ya madereva kuhusu matairi haya yanafanana.

Wanaopiga lami muda mwingi wanayasifia. Mvua ikinyesha barabara ikalowa, tairi linashika vizuri kwa sababu mifereji yake inatoa maji pembeni. Kwenye changarawe ya kawaida pia hawana shida kubwa.

Wanaoingia mbugani wana hadithi nyingine. Tope jeusi linajaa kwenye mifereji, na ikishajaa tairi linakuwa laini kama kipara. Hata liwe jipya la jana, linazunguka tu bila kushika. Kosa sio la tairi, halikutengenezwa kwa hilo. Tairi la tope lina kashata kubwa zilizoachana, ili gurudumu likizunguka tope lirushwe nje.

Halafu kuna kundi la tatu, na hili ndilo la kuangalia sana. Hawa ndio wanaolalamika kwamba tairi limeisha haraka mno. Mara nyingi ukikagua unakuta sio la misimu yote kabisa. Ni la baridi kali, limekuja na gari kutoka Japani au limeletwa mtumba, na ubavuni limeandikwa STUDLESS. Raba yake ni laini makusudi ili ishike kwenye barafu. Kwenye lami ya moto ya kiangazi, raba hiyo inalegea, breki inakuwa ndefu na kashata zinaisha upesi. Kwa macho linavutia, kashata nene kabisa, na ndiyo maana mteja anadanganyika na muuzaji naye anadanganyika.

Jifunze kusoma ubavu wa tairi

Hii haihitaji cheti. Shika tairi, washa tochi ya simu, soma.

1. Saizi. Mfano 195/65R15 91H. Hiyo 195 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana. 15 ni saizi ya rimu kwa inchi. 91 ni namba ya uzito, maana yake tairi moja linabeba mpaka kilo 615. H ni mwendo, mwisho kilomita 210 kwa saa.

2. Tarehe. Tafuta neno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. 2321 maana yake ni wiki ya 23 mwaka 2021. Wakati mwingine tarakimu hizo zipo upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo geuza. Raba inazeeka hata ikikaa stoo, na joto linaizeesha haraka zaidi. Kampuni kubwa za matairi zinashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya kutumika, na lisivuke miaka kumi tangu litengenezwe hata kama kashata zipo.

3. Alama. M+S ni tope na theluji, lakini usidanganywe na hilo neno tope. Alama hiyo inaonyesha mchoro wa kashata tu, haimaanishi limepimwa kwenye udongo wa mbuga. Mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake maana yake limepimwa kwenye theluji. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, barabara ikiwa na theluji au barafu M+S peke yake haitoshi, wanataka huo mlima. STUDLESS ni la baridi kali, kwa jua letu achana nalo.

4. Kwa magari ya juu, angalia herufi. H/T ni la lami, A/T ni la mchanganyiko wa lami na njia mbaya, M/T ni la tope. Kwa mazingira yetu, tairi lililo karibu zaidi na maana halisi ya "misimu yote" ni A/T. Lakini mwambie mteja ukweli: A/T linapiga kelele zaidi kwenye lami na linakula mafuta kidogo zaidi. M/T ndiyo zaidi ya hapo.

5. Kwa Hiace, pikapu na gari za mizigo, tafuta herufi C baada ya saizi, au namba ya PR kama 8PR. Tairi la gari dogo kwenye gari la abiria au la kubeba marobota ya pamba ni hatari, hata kama rimu inaingia.

Maswali manne kabla ya bei

Mteja akiandika "tairi ring 14 bei gani", usimrushie bei. Mjibu kwa heshima: "Karibu sana bosi. Nisaidie mambo manne nikupe tairi sahihi."

Swali la kwanza: Nipigie picha ya ubavu wa tairi lililopo sasa. Usikisie kwa jina la gari. IST zipo za rimu 14 na zipo za rimu 15, na mtu anaweza kuwa alibadilisha rimu zamani.

Swali la pili: Kwa wiki unapita wapi zaidi? Anayekwenda Lamadi na kurudi kwa lami sio sawa na anayeshinda njia za vijijini Itilima au Meatu.

Swali la tatu: Unabeba nini? Familia, abiria, au mizigo?

Swali la nne: Unataka moja, mawili au manne? Kama ni mawili, mshauri afunge jozi inayofanana kwenye ekseli moja, na yale mapya yakae nyuma. Wengi wanayaweka mbele, lakini nyuma ikikosa kushika kwenye maji gari linazunguka, na hapo usukani haukusaidii.

Dakika tano tu. Mteja anayejibu maswali haya ni mteja anayenunua. Na wewe umejikinga, kwa sababu maongezi yote yamebaki kwenye simu.

Tangazo linaloaminika

Piga picha tano: tairi zima, kashata kwa karibu, saizi, tarakimu za tarehe, na upande wa ndani. Watu wengi hawaonyeshi upande wa ndani, wakati viraka na nyufa vinajificha huko. Chini ya mifereji kuna vinundu vidogo vya raba, ni alama ya kuchakaa. Kashata zikilingana navyo zimebaki milimita 1.6, tairi hilo halipaswi kuuzwa. Tena kama ubavu umevimba au umewahi kuchanika ukashonwa, usiuze. Hata mteja akisema "nipe hivyo hivyo nafika nalo nyumbani", usiuze.

Maelezo yaandike hivi:

"Tairi mtumba, jozi moja. Saizi 195/65R15 91H. Wiki ya 23 mwaka 2021. Alama M+S. Kashata milimita 5. Moja limewahi kuzibwa pancha katikati, ubavuni hakuna kiraka. Linafaa lami na changarawe. Kwenye tope la mbuga usilitegemee. Kagua kwanza, lipa baadaye ukiwa Bariadi. Wa mbali natuma video kabla ya kutuma mzigo."

Kuna mtu atasema: sasa nikiandika "usilitegemee" nani atanunua? Atanunua anayepita lami, na atanunua kwa amani. Anayepita mbugani atakuuliza, "Basi lipi linafaa?" Hapo umepata mteja wa A/T. Ukweli haujakukosesha mauzo, umekupangia wateja.

Msaidie mteja kupiga hesabu

Wateja wetu wengi wanaangalia bei ya leo. Mfundishe kugawa bei kwa miezi. Huu ni mfano tu, weka bei zako. Tairi la mtumba la shilingi 60,000 likidumu miezi mitano, ni 12,000 kwa mwezi. Jipya la shilingi 140,000 likidumu miezi ishirini, ni 7,000 kwa mwezi. Kumbe la bei rahisi ndilo ghali.

Ila usimlazimishe. Wapo wanaosubiri msimu wa pamba ndipo washike hela. Mtu wa hivyo akihitaji mtumba leo, mpe mtumba mzuri wenye tarehe nzuri, na mwambie utamkumbusha. Andika namba yake na saizi yake kwenye daftari. Wakulima wakianza kulipwa, mtumie ujumbe. Wengi hatufanyi hivyo, tunakaa kusubiri tangazo lipendwe.

Ukishauza, mtumie ujumbe huu

Tairi zuri linaweza kuuawa na upepo tu. Upepo ukipungua, tairi linajikunja sana, linapata joto, na kwenye lami ndefu ya jua kali linaweza kupasuka. Mtumie mteja maneno haya siku ya kupokea mzigo:

"Bosi, pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, angalau mara mbili kwa mwezi. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Gari za Japani wanaandika kPa, 220 ni sawa na 32 za kipimo cha fundi. Usisahau spea tairi."

Ujumbe huo haukugharimu kitu, na dereva anaukumbuka. Madereva wanaongea sana wao kwa wao. Wakiwa foleni ya abiria au wakisubiri kupakia kiwandani, mazungumzo ni mafuta, trafiki na matairi. Ukishakuwa yule muuzaji anayeuliza "unapita wapi" kabla ya kutaja bei, hutahitaji kupigania wateja kwa kushusha bei kila siku.

Kama unauza matairi, fungua sasa hivi tangazo lako la mwisho ulisome kama mteja. Lina tarehe? Lina picha ya upande wa ndani? Linasema barabara gani linafaa? Kama halina, lirekebishe leo kabla mvua hazijaanza. Na kama unamjua mwenzio anayeuza tairi za STUDLESS akiziita za misimu yote, msheyie hii kwa upole. Huenda hajui.

Saizi gani inakusumbua kupata? Andika kwenye komenti, tusaidiane.