Mtoto anataka kutengeneza boti: tumnunulie vyombo gani?

Vakansi ikifika watoto wetu wa Goma hawakai mikono mitupu. Vichukudu vidogo vya mbao tumevizoea, na kila mtoto anajua ile sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa Chukudu. Lakini kwenye kartie zilizo karibu na ziwa, Himbi, Kyeshero, Kituku, mtoto anaona mitumbwi kila siku, na anachotaka ni boti. Anachukua kisu cha jikoni, anachukua wembe wa baba yake, anaanza kuchonga akiwa ameshika mbao mapajani. Hapo ndipo mama anaanza kupiga kelele.

Katika vikundi vyetu swali limerudi mara nyingi: tumkataze, au tumnunulie vyombo vya kweli? Sisi tunasema anunuliwe, lakini vichache. Mtoto mwenye kisu kizuri na mahali pa kufungia mbao yake hajikati kama yule anayehangaika na wembe. Na pesa haitoshi kwa kila kitu, kwa hiyo ni lazima kujua kipi kinatangulia.

Tuanze na boti yenyewe, maana ndiyo inayoamua vyombo. Usimwache mtoto aanze na meli kubwa yenye madirisha. Aangalie wavuvi wa sambaza wa ziwa letu la Kivu: mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti, na miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma kwa ajili ya wavu, na taa ya kuita samaki usiku. (Sambaza wenyewe si wenyeji wa hapa, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.) Kwa mtoto, boti hiyo ni rahisi kuliko zote. Vipande vitatu vya mbao, kila kimoja sentimeta 30 kwa urefu na 4 kwa upana, vimechongwa ncha mbele na nyuma, vimefungwa kwa vijiti vya mianzi. Kimoja kikitoka kibaya kidogo, viwili vinakisaidia, na chombo hakipinduki.

Mbao itafutwe kwa fundi seremala, kwenye vipande anavyotupa au anavyowashia moto. Muombe iliyo nyepesi, iliyokauka, isiyo na vifundo. Mkaratusi uachwe: ni mzuri kwa chukudu kwa sababu ni mgumu, lakini katika kipande kidogo unapasuka na unajikunja ukikauka. Kwa wadogo wa miaka sita au saba, mgomba au sandale ya mpira iliyochakaa inatosha, na mkasi wa shule. Asidharau sandale. Kule Lamu, pwani ya Kenya, mafundi walitengeneza mashua ya karibu mita 9 kwa plastiki iliyookotwa, wakaifunika kwa sandale za aina hiyo zipatazo 30,000. Iliingia majini mwaka 2018, na mwaka 2019 ikasafiri mpaka Zanzibar. Inaitwa Flipflopi.

Sasa vyombo.

Cha kwanza ni kisu, na hapa ndipo tungeweka pesa nyingi. Kiwe kifupi, ubapa wa urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima, na usiojikunja. Visu vya kukunja ni vizuri mfukoni, lakini vingi havina kifungo cha kuzuia ubapa, na mtoto akisukuma kwa nguvu unajifunga juu ya vidole vyake. Dukani Birere, kishike kwa mpini na ujaribu kutikisa ubapa. Ukicheza hata kidogo, rudisha. Mpini uujaze mkono wa mtoto, si wako, kwa hiyo nenda naye.

Kisu kinahitaji kunolewa, na kisu butu ndicho kinachoteleza na kukata. Jiwe la volkano tulilo nalo kila mahali halifai kwa kunoa, lina matundu mengi. Nunua jiwe dogo la kunolea, au gandisha msasa laini kabisa juu ya kibao kilichonyooka. Lakini jiwe hilo letu la volkano usilitupe: lile tunalosugulia visigino linakwaruza mbao laini vizuri sana, na ni la bure.

Cha pili ni msumeno. Msumeno wa seremala ni mkubwa mno na meno yake yanararua kipande kidogo. Nunua ubapa peke yake wa msumeno wa kukatia chuma, ufunge upande mmoja kwa mpira wa ndani wa kinga mpaka upate mpini mnene. Meno yake ni madogo, unakata polepole, na mtoto hawezi kujiumiza sana nao. Ubapa ukivunjika, kile kipande kinachobaki bado kinafanya kazi.

Halafu tupa moja, yenye upande bapa na upande wa mviringo, kwa kulainisha ncha na kuchimba tumbo la mtumbwi. Dukani ipeleke kwenye mwanga: meno ya tupa mpya ni ya rangi ya kijivu iliyokolea na yanakwaruza kidole, ile inayong'aa imekwisha kazi. Na karatasi mbili za msasa, namba 80 na namba 180 au iliyo karibu nayo. Namba imeandikwa nyuma. Ikiwa kubwa, msasa ni laini.

Kushika kazi ndilo jambo ambalo wengi wanalisahau, na mikato mingi inatoka hapo. Mbao isishikwe kwa mkono huku mkono mwingine unakata. Ifungwe juu ya kigoda kwa kamba ndefu za mpira wa kinga, na kisu kiende mbele, mbali na mwili. Vibanio vya nguo, vile vya mbao, vinashika vipande vinavyosubiri gundi ikauke. Rula na penseli zimo tayari katika mfuko wa shule.

Matundu ya kupitishia vijiti yanatobolewa kwa msumari uliowekwa kwenye makala ya mbabula na kushikwa kwa koleo, ile wengine wanaita pensi. Kazi hiyo ni ya mama au ya kaka mkubwa. Hatubadilishi neno hapo.

Gundi nyeupe ya seremala inashika mbao vizuri lakini maji yanailegeza, kwa hiyo kila kiungo kifungwe pia kwa uzi, kisha boti yote isuguliwe na mshumaa au ipakwe rangi ya mafuta, nje ya nyumba. Ile gundi kali inayokauka papo hapo tunaikataa kabisa. Ikirukia jicho la mtoto, hakuna mchezo tena. Wembe pia tunaukataa, na sanduku zima la vyombo ishirini linalong'aa dukani: ndani yake vitatu tu vitatumika, na chuma chake mara nyingi ni laini kama kijiko.

Mtoto akikatwa, hasa kwa chuma chenye kutu, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha ulizia kwenye kituo cha afya kama chanjo yake ya pepopunda bado ni nzuri.

Boti ikikamilika, ijaribiwe kwenye beseni nyumbani, kwa maji ya mvua. Ziwani, hapana, kama hakuna mtu mzima. Tunajua sote watoto wanaozama, tunajua kipindupindu, na tunajua mazuku: ile hewa mbaya inayolala kwenye mashimo na mabonde karibu na ziwa, nzito kuliko hewa ya kawaida, isiyoonekana. Mtoto mfupi anayeinama kuchukua boti yake anaivuta kabla ya mtu mzima aliyesimama.

Na beseni lina faida nyingine. Mpe mtoto mawe madogo yanayolingana, achonge mtumbwi mmoja wa peke yake, kisha aupakie jiwe moja moja huku akihesabu. Atabandika alama mahali maji yanapofika. Halafu mawe yale yale ayaweke juu ya kipande cha karatasi ngumu, kama abiria waliopanda ghorofani: mtumbwi utalala kwa mawe machache kuliko mwanzo. Mwisho ayasogeze yote upande mmoja, kama watu wanaokimbilia kuona bandari. Ataona mwenyewe unavyopinduka, kwa sekunde moja.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama hapa Kituku ikiwa karibu kufika. Waliookoka walisema ilikuwa imejaa kupita kiasi. Nyumba nyingi za Goma bado zinalia, na kuna wamama wasiotaka kuona boti hata ya mchezo mikononi mwa mtoto. Tunawaelewa, na wasilazimishwe. Lakini mtoto aliyehesabu mawe yake mwenyewe anaweza, siku moja bandarini, kumvuta mama yake kitenge na kumwambia: mama, hii imejaa, tungoje nyingine.

Kuhusu pesa: si kila nyumba inunue vyote. Kikundi cha AVEC kinaweza kununua sanduku moja kwa nyumba tano au sita: visu viwili, bapa tatu za msumeno, tupa moja, koleo, jiwe la kunolea. Msasa na gundi kila mmoja alete vyake, kwa sababu vinaisha na vinaleta ugomvi. Sanduku likae kwa mama mmoja, na watoto wakutane uani kwake Jumamosi baada ya salongo, wasichana pamoja na wavulana. Msichana asiambiwe ashike msasa tu wakati kaka yake anashika kisu. Kabla ya watoto kutawanyika, mwenye sanduku anahesabu visu mbele yao wote, na hakuna anayetoka uani hesabu isipotimia.