Jalada Linang'aa, Karatasi Inaoza: Kemia ya Riwaya za Kale za Kifaransa

Tuseme uko Paris, kwa wauza vitabu vya zamani, na pesa yako inatosha kitabu kimoja tu. Mbele yako kuna riwaya mbili zenye majalada ya ngozi na nakshi za dhahabu: Manon Lescaut ya Prévost, chapa ya 1753, na Nana ya Émile Zola, ya 1880. Ipi itadumu zaidi? Wengi wetu tungechagua ile changa. Kemia inasema: ngoja, fungua ndani kwanza.

Ufaransa, kwa muda mrefu, riwaya iliuzwa ikiwa na gamba la karatasi tu. Mnunuzi ndiye aliyeipeleka kwa mjalidi akavishiwe ngozi. Kwa hiyo jalada linakuonyesha unene wa mfuko wa mwenyewe. Kuhusu karatasi halisemi kitu.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, karatasi ya Ulaya ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba. Nyuzi zake ni selulosi ndefu, imara. Wasomaji walipoongezeka, matambara hayakutosha. Miaka ya 1840 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller akabuni njia ya kusaga mbao ziwe karatasi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa ni mti kweli!

Mbao zina lignini, ambayo hugeuka kahawia ikipata mwanga na hewa. Halafu, ili wino usisambae, viwanda vilichanganya shabu na utomvu wa msonobari. Shabu ikipata unyevu huzaa asidi, na asidi hukatakata minyororo ya selulosi. Miaka mia baadaye unafunua ukurasa, kona inakubakia mkononi.

Ngozi nayo haikupona. Moshi wa makaa ya mawe na taa za gesi ulikuwa na salfa dioksaidi. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti huifyonza, nayo hugeuka asidi ndani yake. Mwisho wake ni unga mwekundu. Usiipake mafuta eti uiokoe: asidi haitoki, na madoa yanabaki.

Basi tumtupe Zola? Hapana. Wachapishaji walitoa pia nakala chache, zenye namba, kwenye karatasi bora ya matambara. Nana ilikuwa nazo. Riwaya ileile, mwaka uleule, hatima mbili.

Kwa hiyo ukishika kitabu, dhahabu iache kwanza. Tazama kingo za kurasa: zikiwa kahawia kuliko katikati, asidi iko kazini. Pitisha kidole mgongoni taratibu: kikitoka na unga mwekundu, ngozi inaoza. Kukunja kona ili ujaribu, usithubutu. Kitabu bado si chako! Ukishanunua, kiweke pakavu, penye ubaridi, mbali na jua. Asidi iliyomo haitaondoka, ila itafanya kazi polepole zaidi.