Hedifoni ya 15,000/- ilivyoiumbua ya 70,000/-!

Kama uko kwenye daladala umepata siti ya dirishani na vile vidude vyako umevichomeka masikioni, hebu chomoa kimoja kwanza. Leo nataka tuongee kuhusu vidude hivyo hivyo, maana mwenzako yamenikuta.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa zangu barazani nyumbani, Tabata, nasoma gazeti. Mama akaniita niende gengeni kuchukua nyanya. Akaita mara ya kwanza, kimya. Akaita ya pili, kimya. Ya tatu akatoka mwenyewe na mwiko mkononi: "Wewe mtoto, kiburi hicho umekianza lini?"

Msomaji wangu, sikuwa na kiburi wala hedifoni masikioni. Nilikuwa simsikii tu.

Usiku ule nilipolala, sikio la kushoto likaanza kupiga filimbi nyembamba, kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua. Nikawasha taa nimsake. Mbu hakuwepo. Nikazima taa, mbu akarudi. Hapo ndipo nilipojua kwamba mbu mwenyewe yumo kichwani mwangu.

Nikaenda hospitali. Daktari akanichungulia masikio yote mawili, kisha akaniuliza: "Kijana, hedifoni unatumia?" Natumia. "Sauti unaweka wapi?" Mwisho. "Kwa nini mwisho?"

Swali hilo lilinikalisha kimya kidogo, kwa sababu jibu lake ni la kijinga. Naweka mwisho kwa kuwa kwenye daladala sisikii kitu. Injini inanguruma, konda anagonga bodi, dereva naye ana redio yake, na foleni ya Buguruni haijali kama una haraka. Kwenda Kariakoo na kurudi, kila siku nakula masaa 3 barabarani.

"Kwa hiyo husikilizi muziki," daktari akasema. "Unapigana na gari."

MAHESABU YA MASIKIO

Kumbe haya mambo yana mahesabu yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki bila kujiletea balaa. Ikipanda hadi desibeli 90, muda unashuka mpaka masaa 4 tu kwa wiki! Na simu nyingi ukizifungulia mpaka mwisho zinaweza kugonga desibeli 100. Mimi nilikuwa najipiga masaa 3 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Piga hesabu mwenyewe.

Daktari akanieleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, ndizo zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Zikipigwa sana zinachoka, zikizidiwa zinakufa, na zikishakufa hazioti tena. Si kama kucha. Akaniambia nipumzishe masikio wiki 2, nirudi apime tena.

Sasa nikiwa kwenye mapumziko hayo ya lazima, nikaanza kujiuliza. Hedifoni niliyokuwa natumia nilinunua 70,000/-, hela ya makala kadhaa kama hii unayosoma. Mbona ilikuwa hainitoshi mpaka nifungulie mwisho?

Hapo naomba nikiri. Niliinunua kwenye duka moja Kariakoo, zile zisizo na waya, na boksi lilikuwa na jina kubwa ambalo kila bishoo wa mjini analitamani. Kufika nyumbani nikaunganisha na simu, jina lililotokea kwenye kioo halikufanana hata kidogo na la kwenye boksi. Nikarudi dukani mbio. Muuzaji akaniangalia kwa huruma: "Broo, si umeona karatasi pale ukutani? Mali ikishatoka hairudi." Nikameza mate, nikaendelea kuivaa kwa ajili ya kutanua mbele za watu.

MCHUANO WA KIJIWENI

Jumamosi moja nikawakusanya washikaji 5 kijiweni kwetu, chini ya mwembe. Masikio yangu yalikuwa likizo, kwa hiyo mimi nilikuwa refa. Nikapanga hedifoni 4 mezani. Ya kwanza ya machinga, 3,000/-, plastiki tupu isiyo na kipira. Ya pili ya waya, 15,000/-, yenye vile vipira vya kuzama ndani ya sikio. Ya tatu haina waya, 25,000/-. Ya nne ndiyo ile feki yangu ya 70,000/-.

Tukafungana macho kwa kanga ili mtu asione bei wala jina. Muziki ulikuwa wa aina 3. Kwanza dansi la zamani, kwa sababu lina magitaa matatu, solo, ridhim na besi, na hedifoni mbovu huyageuza yote kuwa uji. Pili taarabu, kupima sauti ya mwimbaji na fidla. Tatu singeli, kuona kama besi inapiga au inakohoa.

Raundi ya kwanza, watu 4 kati ya 5 wakaichagua ile feki yangu! Nikavimba kichwa. Nikaanza kusema bei ni bei bwana, hata feki ya ghali ni ghali.

Kumbe pembeni alikuwepo dada mmoja wa mtaani kwetu ambaye kazi yake ni kupiga muziki kwenye maharusi. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mdogo wangu," akasema, "hapo hujalinganisha hedifoni. Umelinganisha makelele."

Akatufafanulia kitu ambacho wauzaji wengi wanakijua na wanunuzi wengi hatukijui. Sikio la binadamu linadanganyika. Ukilisikilizisha wimbo ule ule mara mbili, mara ya pili ukapandisha sauti kidogo tu, litakwambia ule wa pili ni mzuri zaidi. Feki yangu ilikuwa inapiga kwa nguvu kuliko wenzake, basi. Ndiyo maana ukienda dukani kujaribu, muuzaji anakufungulia mpaka mwisho na kukuuliza, "Unasikia moto huo?"

Yule dada akachukua simu, akapandisha hii na kushusha ile mpaka zote 4 zikalingana kwa sikio lake. Raundi ya pili ikapigwa. Weee! Feki yangu haikupata hata kura moja. Ile ya 25,000/- ikazoa kura 3, ya 15,000/- ikapata 2.

SIRI IKO KWENYE KIPIRA

Nilidhani mchezo umekwisha, lakini dada akawa anawakodolea macho wale washikaji. Akamwambia mmoja, "Hebu cheka." Jamaa akacheka, na ile hedifoni ya 15,000/- ikadondoka kutoka sikioni. Akauliza boksi lake liko wapi. Tukalitoa. Ndani mlikuwa na kifuko kidogo ambacho hakuna aliyewahi kukifungua, chenye vipira vya ziada, vidogo na vikubwa. Vile vya katikati ndivyo vilivyokuja vimeshavishwa.

Kila mmoja akajaribu mpaka akapata saizi yake. Wawili wakavaa vikubwa, mmoja vidogo, mmoja akabaki na vya katikati. Na kuna mmoja, sikio la kulia lilitaka kikubwa na la kushoto cha katikati! Masikio ya mtu mmoja si lazima yafanane.

Ile ya 25,000/- nayo ilikaguliwa, ikaonekana imewakaa wote vizuri. Raundi ya tatu, ile ya waya ya 15,000/- ikapata kura 4 kati ya 5. Jamaa mmoja mpenzi wa dansi akafumbua macho akasema, "Sasa namsikia mpiga besi peke yake, kama amekaa hapa pembeni yangu."

Maelezo yake ni rahisi. Ndani ya hedifoni nyingi za aina hii mna kispika kidogo chenye sumaku, koili ya waya na utando mwembamba unaotikisika, sawa na spika kubwa ya ukumbini. Kispika hicho kidogo kinaweza kutoa besi ya nguvu kwa sharti moja, kwamba sikio lizibwe barabara. Pakiwa na upenyo, besi inavuja yote na kubaki kelele za juu zinazokwaruza. Halafu kupitia upenyo ule ule, kelele za gari zinaingia. Wewe unapandisha sauti, na kesho yake mama anakuita humsikii.

BEI SI SAUTI

Usidhani haya ni maneno ya kijiweni tu. Mwaka 2017 mtaalamu Jeroen Breebaart alichapisha kwenye jarida moja la sayansi ya sauti la Marekani vipimo vya hedifoni 283, zikiwemo hizi za kuchomeka na zile kubwa za kufunika masikio. Aliangalia jinsi zinavyotoa sauti za chini, za kati na za juu, akalinganisha na bei zake madukani. Hakuona uhusiano kati ya bei na sauti hizo.

Na soko lenyewe limebadilika. Kampuni ya Moondrop ya Chengdu, China, ilitoa hedifoni yake ya waya iitwayo Chu mwaka 2022 kwa bei ya karibu dola 20, na mwaka 2023 ikatoa Chu II, ambayo waya wake unachomoka. Hiyo ina maana kwamba waya ukikatika, unanunua waya peke yake. Hedifoni hizo zimesifiwa sana na wapenzi wa muziki duniani kuliko nyingi za bei mbaya.

Kwa hiyo hela ya ziada inakwenda wapi? Kwenye zile zisizo na waya, sehemu ya hela yako inanunua betri, kipokezi na kile kikasha cha kuchajia. Si vibaya, raha ya kutokuwa na waya kwenye daladala lililojaa naijua. Ila ujue betri inazeeka kama ya simu, na siku ikifa, kispika kizima kinakwenda nayo kaburini. Ukicheza gemu, sauti inaweza kuchelewa kidogo kuliko picha. Wa waya hana chaji wala kuchelewa, isipokuwa uangalie simu yako ina tundu gani, maana tangu Apple waondoe tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kampuni nyingi nazo zimefuata mkumbo.

UKIENDA KARIAKOO

Basi ukienda kununua, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda na wimbo unaoujua kwa moyo kwenye simu yako mwenyewe. Mwambie muuzaji ashushe sauti, ujaribu mbili tatu kwa sauti inayolingana. Fungua boksi uhakikishe vipira vya ziada vimo. Vaa, kisha cheka au tafuna hewa. Ikidondoka, badili kipira kabla hujabadili hedifoni. Kama haina waya, iunganishe pale pale dukani na usome jina linalotokea kwenye simu kabla hujatoa mshiko.

Na usibabaishwe na maandishi ya boksi. "Super bass" ni maneno tu. Namba ya 20 hadi 20,000 unayoikuta imeandikwa ndiyo upeo wa masikio ya binadamu, karibu kila boksi linayo, hata la 3,000/-. Ukubwa wa kispika nao haukwambii kama kinaimba vizuri.

Onyo moja, tafadhali. Kipira kikiziba vizuri, hata honi ya bodaboda huisikii sawasawa. Ukishuka kwenye gari, chomoa kabla hujavuka barabara.

Mimi nilirudi kwa daktari baada ya wiki 2. Usikivu umepanda, mama akiniita sasa naitika mara ya kwanza, na nyanya nafuata. Kwenye daladala nasikiliza ile ya waya ya 15,000/-, na simu yangu yenye alama 15 za sauti naiweka alama ya 6. Inanitosha kabisa.

Lakini yule mbu hajaondoka wote. Usiku kukiwa kimya sana namsikia kwa mbali, upande wa kushoto. Daktari hakuniahidi kwamba atakwenda. Ile feki ya 70,000/- iko kabatini, na kila nikiiona nakumbuka kwamba bei yake halisi bado naendelea kuilipa.

Haya msomaji wangu, rudisha kidude chako sikioni. Ila kwanza angalia, umevaa saizi yako? Tukutane wiki ijayo.