Je, Wajua? Ombaomba wa Ziwa Tanganyika

Je, wajua kwamba mpelelezi David Livingstone, aliyethibitisha kuwa mto Rusizi humwaga maji yake ziwani, jirani na Uvira, alikuwa fukara wiki chache kabla? Oktoba 1871 alirudi Ujiji, kando ya ziwa hilo, akiwa hoi, akakuta bidhaa zake zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa. Fedha ya pale ilikuwa shanga na vitambaa. Asiye navyo hula kwa kuomba.

Katika shajara yake, iliyochapishwa mwaka 1874, alijifananisha na msafiri wa Injili aliyevamiwa na wanyang'anyi njia ya Yeriko, tena asiyetarajia Msamaria. Kumbe yupo njiani: mwandishi wa habari Henry Stanley. Novemba wakapanda mtumbwi pamoja hadi Rusizi.

Waswahili nao wana ombaomba wao, Hamdani, wa hadithi ya Sultani Darai iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870. Hamdani huchakura jaani, paa wake akamwoza binti wa sultani. Alipomdharau paa huyo mgonjwa, akajikuta jaani tena. Katika fasihi, ombaomba ni mizani: hupima ukarimu wa mpitanjia na shukrani ya aliyepewa.