Dagaa wa Kilwa: Kitoweo cha nyumbani au shehena ya soko?

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa giza, mwezi unapokuwa umejificha, bahari iliyo mbele ya Kilwa Kivinje na kisiwa cha Songosongo hung'aa mfano wa mji. Taa hizo ni za wavuvi wa dagaa. Samaki hao huufuata mwanga, hukusanyika chini yake, na hapo ndipo wavu wa kuzungushia, maarufu kwa jina la ringi neti, unapowafumbata kwa pamoja.

Alfajiri boti hurejea pwani, na hapo hukutana wateja wa aina mbili. Wa kwanza ni mama mwenye bakuli, anayetafuta kitoweo cha siku hiyo, pamoja na mama karanga anayenunua ndoo moja ili akakaange na kuuza mtaani. Wa pili ni mfanyabiashara mwenye mapipa ya kuchemshia, chanja za kuanikia na lori linalosubiri. Shehena yake itakwenda Dar es Salaam, na kutoka huko sehemu yake huvuka mpaka hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia.

Wateja wote wawili wana haki ya kununua. Swali linalopaswa kujibiwa mapema ni hili: bahari moja itawatoshelezaje wote, mwaka huu na miaka ijayo?

Swali hilo limepata uzito zaidi tangu Septemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, mradi wenye gharama ya zaidi ya Sh260 bilioni. Bandari hiyo imelengwa kuhudumia hasa meli za uvuvi wa bahari kuu. Hata hivyo, mahali penye barafu, maghala ya baridi na wanunuzi wakubwa, bei hupanda na mvuvi mdogo naye huongeza nyavu na taa.

Ni vyema kwanza kumfahamu samaki mwenyewe. Jina dagaa hubeba aina nyingi. Wapo dagaa mchele, na pembeni yao wapo simu, ambao ni wa ukoo mmoja na heringi, samaki mashuhuri wa bahari za kaskazini ya dunia. Wote hula viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, hukua upesi na huishi muda mfupi. Wao wenyewe ni chakula cha jodari, nguru na kolekole. Kwa hiyo anayemaliza dagaa humpunguzia riziki pia mvuvi wa mshipi, ambaye hajawahi kumiliki taa hata moja.

Maisha mafupi ya dagaa yana faida na hatari yake. Faida ni kwamba, wakipewa nafasi ya kuzaa, huongezeka haraka. Hatari ni kwamba hawana akiba ya wazee: msimu mmoja mbaya ukikutana na uvuvi mkali, mwaka unaofuata nyavu hurudi tupu.

Dunia imekwisha kujifunza hilo kwa gharama kubwa. Heringi wa Norway walikaribia kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1960, na iliwachukua takriban miongo miwili kurejea kwa wingi. Mwaka 1977 uvuvi wa heringi katika Bahari ya Kaskazini ulilazimika kufungwa. Nchini Peru, ambako mwaka 1970 zilivuliwa takriban tani milioni 12 za dagaa wa huko, uvuvi uliporomoka mwaka 1972 baada ya uvuvi uliopita kiasi kukutana na joto la bahari la El Nino. Leo Peru imetenga maili tano za kwanza kutoka pwani kwa ajili ya wavuvi wadogo, na hufungua au kufunga msimu kwa kupima kwanza wingi wa samaki.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Maji ya Rufiji hadi Kilwa yaliwahi kushuhudia kisa cha namna hiyo kwa kambamiti. Kwa miaka mingi meli za kukokota nyavu zilivua jirani na wavuvi wadogo, huku malalamiko ya nyavu kukatwa na samaki wadogo kutupwa yakiongezeka. Mavuno ya meli hizo yalishuka kutoka zaidi ya tani 1,000 mwaka 2003 hadi takriban tani 200 mwaka 2007, kisha Serikali ikasitisha uvuvi wa meli hizo. Hatua ilichukuliwa, lakini baada ya hasara kuwa imekwisha kuingia. Wahenga walinena, bandu bandu huisha gogo.

Kisa cha pweza, kwa upande mwingine, kinatia moyo. Pweza naye ana wateja wawili: kina mama wanaochokoa kwa fimbo miambani wakati wa maji kupwa, na mawakala wa viwanda vinavyosafirisha kwenda Ulaya. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zilipiga marufuku kuvua pweza mwenye uzito chini ya gramu 500. Zaidi ya hapo, wanakijiji wa Songosongo, kama wenzao wa Kisiwa Panza huko Pemba, wamefuata utaratibu wa kufunga mwamba kwa miezi kadhaa na kuufungua kwa siku maalumu. Pweza hukua kwa kasi, hivyo muda mfupi wa subira hulipa kwa uzito.

Je, dagaa nao wafungiwe vivyo hivyo? Hapa yahitajika tahadhari. Pweza hukaa kwenye mwamba wake, dagaa hutembea. Kilwa ikizima taa zake peke yake, samaki aliyeachwa leo huenda akavuliwa kesho Mafia, Kibiti au Lindi. Utaratibu wowote wa dagaa hauna budi kuwa wa wilaya zote za pwani hiyo kwa pamoja.

Vyombo vya kufanyia kazi hiyo vipo. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inaruhusu vikundi vya usimamizi wa fukwe, maarufu kwa jina la BMU, kuingia makubaliano na Serikali ya kusimamia maji yao. Katika Kilwa, BMU za vijiji jirani zimeunganishwa katika maeneo ya usimamizi wa pamoja. Kadhalika, eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu chini ya mkataba wa Ramsar. Nazo Kanuni za mwaka 2009 zilikataza ringi neti katika kina kisichofika mita 50, ili mazalia ya samaki na wavuvi wa maji mafupi wasibughudhiwe.

Kinachohitajika ni kuvitumia. Jambo la kwanza ni takwimu: kila ndoo inayoshuka pwani iandikwe, pamoja na idadi ya boti na taa zilizotoka usiku huo. Mavuno yanaweza kuonekana hayajapungua, kumbe boti zimeongezeka maradufu na kila moja inapata nusu ya ilichokuwa ikipata.

Pili ni ukomo wa leseni za ringi neti na wa nguvu ya taa, utakaokubaliwa kabla bei haijapanda. Tatu ni fungu la kitoweo. BMU inaweza kuweka sharti kwamba kila boti inayotua, ya mwenyeji au ya mgeni wa dago, itauza ndoo kadhaa papo hapo kwa kina mama wa kijiji kabla ya mnunuzi mkubwa kupakia. Mtoto anayekula dagaa mzima, pamoja na mifupa yake, hupata madini na protini ambayo familia nyingi haziwezi kuinunua kwa njia nyingine.

Haitakuwa haki kumfanya mfanyabiashara adui. Dagaa mkavu anayefika Lubumbashi naye hulisha maskini, na fedha yake hulipa ada za shule Kivinje. Lakini biashara hiyo itadumu pale tu wavu wa kesho utakapokuwa na kitu cha kuvua.

Bandari hujengwa kwa miaka michache, na fedha zikipatikana huongezwa. Samaki hawana mkandarasi. Kwa hiyo mipango ya wingi wa boti, taa na fungu la kitoweo inapaswa kukamilika mapema, wakati bado kuna cha kugawana.