Mabingwa wa Kutoanguka

Mkongwe wa kusimama Kakamega ni Jiwe la Ilesi, ambalo wenyeji huliita Ikhongo Murwi. Kando ya barabara ya Kisumu, nguzo ya mwamba imetwikwa jiwe kubwa, na kwa jumla hufikia kama mita 40. Jiwe halianguki kwa kuwa kitovu cha uzito wake kingali juu ya sehemu lililokalia. Kikitoka nje ya hapo, litaporomoka.

Sheria hiyo hiyo ndiyo inayowahangaisha waundaji wa roboti za miguu miwili, maana pa kukanyagia ni padogo na kila hatua hupahamisha. WABOT-1 ya Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, roboti ya kwanza yenye umbo kamili la binadamu (1973), ilijikokota. Mbio ziliwezekana wahandisi walipokubali kwamba anayekimbia huanguka kila hatua, ila huwahi kutanguliza mguu. Mwaka 2022 Cassie, roboti ya Oregon, Marekani, iliweka rekodi ya Guinness ya mita 100 kwa roboti za miguu miwili: sekunde 24.73. Ilitakiwa kuanza na kumaliza ikiwa imesimama wima, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa kulinganisha, mwanariadha wa Kenya Ferdinand Omanyala alitumia sekunde 9.77 kwa umbali huo huo uwanjani Kasarani mwaka 2021. Tiangong Ultra nayo ilishinda nusu marathoni ya roboti Beijing, Aprili 2025, kwa saa 2, dakika 40 na sekunde 42.

Taji ninaloliheshimu zaidi ni la kutumia nguvu kidogo, nalo ninaipa Kenya. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake Waluo na Wakikuyu: mzigo uliobebwa kwa kichwa wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote ya nguvu. Utafiti wa 1995 ukaeleza siri. Mtu akitembea, mwili hupanda juu ya mguu kisha hushuka, na mshuko humsukuma mbele. Wengi wetu hupoteza sehemu ya nguvu hiyo. Wao, wakiwa na mzigo, hupoteza kidogo kuliko wasipobeba kitu.

Mtazame mama wa Ilesi akipeleka chungu sokoni: ngata utosini, shingo imenyooka, macho mbele, nyonga na magoti yakifanya kazi. Chungu hakitikisiki.

Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kabla ya kuagiza roboti ng'ambo, nendeni Ilesi mkapime mwendo wa akina mama hawa, kwa ridhaa yao, na muwalipe muda wao.